Kundi la galaksi si kundi mpaka mwanga wake upasuliwe

Kila orodha mpya ya makundi ya galaksi, yaani galaksi zilizoshikana kwa mvutano wao, inapotoka, swali ni lile lile: ya nini kugombania usiku wa darubini kubwa kuthibitisha kundi moja kwa spektra, yaani kupasua mwanga wa kila galaksi kama upinde wa mvua ili umbali wake usomeke, na kamera zinayaokota kwa maelfu?

Wenye haraka wana hoja. Orodha ya darubini ya eksirei ya eROSITA, iliyotolewa 2024, ina makundi 12,247, na mengi umbali wake umekadiriwa kwa rangi za galaksi zake. Timu yenyewe ilisema usafi wa orodha ni asilimia 86. Anayepima ulimwengu kwa jumla huingiza kosa hilo kwenye hesabu zake, kazi ikaendelea. Sina ugomvi naye.

Ila asilimia 14 iliyobaki si ndogo. Ni kama majina 1,700 ambayo huenda si makundi kabisa, na hakuna ajuaye ni yapi. Kwa makundi ya mbali zaidi, ambako galaksi ni vidoa hafifu, rangi hudanganya vibaya zaidi. Simama ufukweni usiku utazame karabai za wavuvi: taa tano zimesongamana, kumbe moja iko karibu na mwamba na nyingine maili nyingi nje.

Chukua JKCS 041. Mwaka 2009 ilitangazwa kwa rangi za infraredi, na darubini ya eksirei ya Chandra ikiwa imeona gesi ya moto, dalili ya kundi. Mhamo mwekundu, yaani kiasi mwanga ulivyovutika njiani, nao hukua kadiri galaksi ilivyo mbali, ulikadiriwa kuwa 1.9. Mwaka uliofuata wengine wakabisha: hizo ni galaksi za masafa tofauti, zimepangana tu mbele ya macho yetu. Pande zote mbili zilikuwa na wajuzi. Ugomvi uliisha pale Hubble ilipopasua mwanga wa galaksi moja moja: 19 zikaangukia 1.80.

Kutoka 1.9 hadi 1.8, mtu atasema, si kitu. Kwa umbali huo, tofauti ya 0.1 ni kama miaka ya nuru milioni 180, hata ukipima kwa ulimwengu mdogo wa enzi ile. Kundi lenyewe halizidi milioni chache. Ndani ya pengo hilo unaweza kupanga makundi kadhaa, moja nyuma ya jingine, na rangi isishtuke. Ndiyo maana neno “limethibitishwa” juu ya kadirio la rangi linanikera. Liitwe “linadhaniwa”, basi.

Spektra nazo hukosea. Kundi CL J1449+0856 lilitangazwa 2011 kwa spektra, mhamo wake 2.07. Hubble ilipopima galaksi nyingi zaidi, kundi likaonekana liko 2.00, zile za kwanza zilikuwa zimesimama nyuma yake. Waliochapisha sahihisho hilo, 2013, ni timu ile ile iliyolitangaza.