Hosteli Mpya Itaisha Lini Jamani?

Jamani, hosteli yetu mpya itaisha lini? Kila muhula tunaambiwa "muhula ujao". Muhula ujao ukifika, bango limepakwa rangi upya na jengo liko vilevile! Zege huachwa takriban siku 28 likomae. Hili la kwetu limeachwa mpaka limeota nyasi. Nondo zimechomoza juu ya nguzo, zimeshika kutu, na kila mvua ikinyesha kutu hiyo inachirizika ukutani. Mafundi wako wapi? Leo saruji imeisha, kesho mkandarasi hajalipwa, keshokutwa mchoro unarekebishwa. Mchoro gani huo usiokwisha kurekebishwa?

Na sisi tulale wapi? Chumba cha wawili tunabanana wanne, godoro moja liko sakafuni, mlango haufunguki mpaka anayelala chini ajikunje. Wengine wamepanga mbali, wakitoka maktaba usiku wanatembea roho mkononi, hasa mabinti. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ada tukichelewesha kidogo tu, mtihani hatufanyi! Basi na nyie uongozi wa chuo tupeni tarehe, muitimize. Nani mwingine amechoka kuzungushwa?