Ng'ombe wa Pili Yuko Wapi?

Baba yangu alimiliki kamera ya video kabla Tanzania Bara haijawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vituo vya Bara vilianza 1994, na kamera yake ilishuka bandarini Kigoma mwaka uliotangulia, ikitokea Bujumbura, imezungushiwa vitenge isije ikagongwa njiani. Kwa hiyo ukimwambia vijana wa siku hizi ndio wanaojua kurekodi, hucheka kwa pua tu, kisha huanza kukuhesabia kanda zake.

Kanda zenyewe, VHS zote, zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na Mama alizilalia miaka yote hiyo huku akilalamika. Harusi, maulidi, jando, wajukuu, na Liemba. Liemba kwa wingi. Meli ile iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na nadhani muda iliolala chini ya maji haufikii muda ambao Baba ameirekodi ikiondoka gatini. Nasema "ikiondoka" kwa heshima ya mzazi. Kuna kanda inapiga honi, watu wanapunga mikono, mikono inachoka, wanaishusha, meli ipo.

Aliyezifufua ni mume wangu. Anafanya kazi ya mitandao ya kompyuta Dodoma, na kwa kuwa mahari yake mwenyewe Baba aliipokea amenuna, maskini alikuwa anatafuta jambo la kumfurahisha mzee. Akasafiri na lile sanduku, akahangaika hadi akapata deki nzima (hiyo peke yake ni hadithi), akaanza kuzinyonya kanda kuziingiza kwenye kompyuta. VHS haina njia ya mkato. Kanda ya saa tatu inataka saa tatu, na mimi ndani ya chumba hicho hicho nikiangalia Liemba haiondoki. Faili zikatoka kubwa za kutisha, saa moja karibu gigabaiti 13, na alipozijaribu kwenye TV ya Baba, TV ikajibu kwamba haiujui mtindo huo. Akazigeuza zote kuwa MP4, zikakonda, TV ikaridhika.

Akazihifadhi kwenye boksi jeusi lenye diski mbili ndani. Kila kitu kinaandikwa kotekote, ili moja ikifa, nyingine ibaki na urithi. Boksi likachomekwa waya kwenye ruta, likawekwa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma. Usiku likawa linapepesa taa. Mama akalifunika kanga.

Utaratibu wake ulikuwa huu: unafungua programu kwenye simu, unachagua filamu iliyomo kwenye boksi, halafu unachagua TV ya kuionyesha. Filamu haipiti kwenye simu. Simu inaituma TV tu, "nenda kwenye boksi kachukue," na TV inakwenda. Mfumo huo unaitwa DLNA, na malezi hauna: haupigi hodi, haudai paswedi. Yeyote aliyemo ndani ya waifai ya nyumba, kwake huyo ni mtoto wa nyumba.

Na ndani ya waifai yetu alikuwemo jirani.

Jirani ana kibanda umiza, kimegusana kabisa na ukuta wetu. Mabenchi ya mbao, turubai, kiingilio shilingi 500, na spika mbili ambazo sijui anazitakia nini, maana kibanda chenyewe unakivuka kwa hatua chache. Alimwendea Mama kuomba paswedi, akidai king'amuzi kikimgomea inabidi aonyeshe mechi kwa intaneti. Mama akampa. Tangu hapo kila wiki inaingia mlango wa nyuma samaki, migebuka minene mizuri. Baba hakuambiwa habari ya paswedi. Migebuka alikula.

Tena Baba na huyo jirani walinunua TV siku moja, duka moja, inchi 43 zote mbili, ili wapunguziwe bei. Hakuna aliyebadilisha jina la TV yake. Nani alijua TV ina jina?

Sasa ikaja Jumamosi ya posa ya mdogo wangu. Wageni walitoka Tabora kwa treni, na ndoo ya asali, na mshenga wao, mzee mwembamba mwenye tabia ya kufumba macho kila fedha zinapotajwa. Upande wetu alikuwepo Baba, baba mdogo kutoka Ujiji, na Mjomba, kaka yake Mama, aliyeteremka kutoka Kasulu. Mjomba si mtu wa maneno. Alikaa kiti cha karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, akajibu shikamoo zote kwa "marahaba" moja.

Baba alikuwa na mbinu yake. Wageni waangalie kwanza filamu ya harusi yake na Mama, waone ngoma, waone pilau na ule umati, kisha ndipo yaanze mazungumzo. Hapo hata mtu mzito wa mkono ataona haya kutaja kiasi kidogo.

"Mkwe," akamwambia mume wangu, amejinyoosha kwenye kochi, "hebu tuwekee ile ya harusi."

Mume wangu akatoa simu. Kwenye orodha zikatokea TV mbili, jina moja, herufi kwa herufi.

"Imejirudia," akasema kwa ile sauti ya mafundi wote duniani. "Huwa inajirudia." Akabonyeza ya juu.

TV yetu ikabaki ya buluu. Baba akawatoa wageni wasiwasi kwamba inapasha moto. Mume wangu akaangalia simu: filamu inakwenda, dakika ya kwanza hiyo. "Picha inakuja," akasema. "Ngoja niongeze sauti." Akaongeza. Buluu. Akaongeza tena, hadi mwisho.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Ng'ambo ya ukuta zilikuwa zinacheza Simba na Yanga, na makelele yale tulishayazoea tangu mchana. Ghafla yakakatika. Bao huwa haliji hivyo. Kilikuwa kimya cha mtoto aliyenyang'anywa andazi, kabla hajaamua kulia. Kisha kwenye spika zote mbili za jirani ikatoka sauti ya mwanamume:

"Imewaka? Hiki chekundu ndiyo kuwaka kwenyewe?"

Baba akageuza shingo taratibu. Alikuwa ni rafiki yake wa bandarini, yule aliyeachiwa kamera siku ile.

Nikatua sinia mezani, nikapita uani mbio. Waliokuwepo walinisimulia vizuri baadaye. Ilikuwa faulo, nje kidogo ya kumi na nane, ukuta umeshapangwa, mpigaji anarudi nyuma kuvuta hatua. Juu ya kioo kikajitokeza kimaandishi kinauliza kama simu fulani iruhusiwe. Kijana wa rimoti kazi yake pale ni moja tu, kuondoa chochote kinachokaa mbele ya mpira. Akabonyeza OK. Mpigaji akatoweka, na badala yake akatokea Baba yangu, kijana, suruali bwaga, nywele kichaka, anachungulia dirishani ukweni Kasulu.

Nilikuta nusu ya watu wamesimama wanadai 500 zao, na jirani anakizaba vibao king'amuzi ambacho hakikuwa na kosa lolote.

"Zima TV!" nikapiga kelele.

"Rimoti wameninyang'anya!" akajibu kijana.

Hapo mzee mmoja wa benchi la mbele akanyanyua mkono. "Tulieni kwanza. Huyu si mzee wa hapo ukutani?"

Wakatulia. Wakaketi. Ubaya wa filamu ile ni kwamba ilikuwa tamu.

Maana kanda ya harusi haikuanzia kwenye harusi. Ilianzia siku ya mahari, jambo ambalo Baba, kwa kukosa deki miaka mingi, alikwishalisahau. Babu mzaa mama, Mungu amrehemu, yupo kwenye kigoda. Mbele yake mshenga wa Baba amepiga magoti kabisa.

"Ng'ombe mmoja huyo hapo nje, mzee, unamwona. Wa pili na mbuzi wawili, tukishavuna."

"Mnavuna lini?"

"Msimu huu huu, mzee. Kijana ni mwaminifu. Ana kazi bandarini."

Kamera ikahamia dirishani. Baba anatikisa kichwa kuunga mkono uaminifu wake. Akaiona kamera. Akaweka nywele sawa.

Kibanda kikavunjika kwa kicheko, na mtu wa nyuma akauliza kwa sauti, "Walivuna?"

Nyumbani walikuwa wanasikia neno kwa neno. Baba alipopata kauli akamwambia mkwewe, "Zima TV!" na mume wangu, kwa utii, akazima TV yetu. Ile ya buluu. Nimeolewa na mtaalamu. Ilibidi arukie kabati, avute waya wa boksi pamoja na kanga na bilauri mbili za Mama. Lakini TV ikicheza filamu ya namna ile huwa imeshachota akiba ya mbele, hivyo kwa sekunde kadhaa ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na katika sekunde hizo Babu akapata nafasi ya kumalizia:

"Haya. Wa pili nitamngoja. Hata nikifa, huyu mwanangu yupo, atamngoja."

Kisha kimya. Na kutoka kibanda kingine, kule chini barabarani, ukapanda ukelele wa bao ambalo watu wetu hawakuliona. Matusi yaliyofuata sitayaandika.

Niliporudi sebuleni Mjomba amesimama. Mshenga wa Tabora macho yamefunguka yote mawili.

"Shemeji," Mjomba akasema kwa upole, "ng'ombe wa pili yuko wapi?"

"Shemeji, unajua msimu ule mvua..."

"Miaka thelathini mvua haijanyesha Kigoma?"

Baba akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akaitazama asali.

"Na alikuwa awe jike," Mjomba akaendelea. "Angekuwa ameshazaa, na wanawe wameshazaa."

Mshenga wa Tabora akachomoa kalamu mfukoni, akasema kama itawafaa yeye anaweza kuwasaidia kupiga hesabu ya ndama. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa ameshaanza, nyuma ya tiketi ya treni.

Mama akatokea jikoni na mwiko. "Kwa hiyo mimi humu ndani nimekaa kwa mkopo?"

Hapo hata bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu wafike, alitikisika mabega.

Mazungumzo ya mahari yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Baba alitaja kiasi. Mshenga hakufumba macho safari hii. Alikohoa, akaweka mikono kifuani. "Mzee mwenzangu, sisi ni wageni. Hatutaki kuja na desturi zetu za Tabora humu. Tunaomba tufuate mila ya nyumba hii: nusu leo, nusu tukishavuna."

Baba alifungua mdomo, akamwangalia Mjomba, akaufunga.

Nusu ikahesabiwa mezani. Ilipita mkononi mwa Baba haikukaa, ikaingia koti la Mjomba, ikaenda Kasulu. Mbuzi wawili Mjomba alisamehe, kwa heshima ya chai. Mdogo wangu ameposwa, na asali tumekula.

Baada ya hapo jirani akabisha hodi, akitaka arudishiwe viingilio alivyolazimika kurejesha. Ndipo Baba akauliza TV ya jirani imeingiaje kwenye boksi lake, na Mama akakumbuka ameacha kitu jikoni. Mume wangu alimtengea jirani waifai yake ya pembeni, isiyoliona boksi, na TV yetu akaipa jina la Baba kwa herufi kubwa.

Tungedhani yameisha. Kesho yake jioni Baba alitoka kwenda msikitini, akakuta nje ya kibanda ubao wa chaki. Juu mechi ya Ulaya. Chini yake: MAHARI YA MZEE, SEHEMU YA 2, SAA 3 USIKU. Sehemu ya pili jirani hakuwa nayo. Alikuwa ameitangaza kwa imani tu, na vijana wameshakaa kwenye mabenchi.

Baba alisimama hapo kitambo. Nilijua atavunja ubao. Badala yake akamwita jirani, akamuuliza kiingilio ni kile kile, na kama filamu ni yake yeye, fungu lake analipata lini.

"Tukishavuna, mzee," jirani akajibu.