Milango miwili mibovu, upasuaji mmoja?

Familia ikiambiwa kuwa valvu mbili za moyo wa mgonjwa wao, yaani milango ya kupitisha damu, zimeharibika, na huenda ya tatu nayo inavuja, huuliza: si itengenezwe kwanza ile mbovu zaidi, nyingine tuone baadaye? Swali ni la haki, na wapo madaktari bingwa wanaolikubali. Kila valvu inayoguswa huongeza muda ambao mwili unategemea mashine ya moyo na mapafu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa vifo baada ya upasuaji wa valvu zaidi ya moja hukaribia mara mbili ya vile vya valvu moja.

Namba hiyo ni ya kweli, ila inalinganisha watu wasiofanana. Mwenye valvu mbili mbovu hufika mezani akiwa tayari amechoka kuliko mwenye moja. Cha kujua ni nini kinampata mtu huyohuyo akitoka na valvu moja mpya na moja mbovu.

Kwetu Afrika huyu si mgonjwa adimu. Sajili ya REMEDY, iliyoongozwa na hayati Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, iliandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Karibu 64% walikuwa na zaidi ya valvu moja iliyoharibika kwa kiwango cha kati au kikubwa. Walikuwa vijana, wengi wao wanawake. Ndani ya miaka 2 karibu 17% ya waliofuatiliwa walifariki, nusu ya hao wakiwa hawajatimiza miaka 29.

Tena valvu moja huficha ubovu wa nyingine. Mitrali, valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikibana sana, damu kidogo tu hufika chumba cha chini kushoto, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaweza kuonyesha valvu ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini, kana kwamba imebana kidogo. Ukifungua mitrali peke yake, damu inakuja kwa wingi na kukuta njia ya kutokea ni finyu.

Hoja nzito ya wanaosita inahusu trikaspidi, valvu ya upande wa kulia. Zamani iliaminika kuwa ukitengeneza kushoto, kulia kutatulia kwenyewe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, la wagonjwa 401 wa Amerika ya Kaskazini na Ujerumani waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mitrali, lilipima hilo. Baada ya miaka 2, waliofariki, waliorudia upasuaji wa trikaspidi au ambao uvujaji wake uliongezeka walikuwa 3.9% kati ya waliotengenezewa zote mbili, na 10.2% kati ya walioachiwa trikaspidi. Lakini 14.1% ya kundi la kwanza waliwekewa betri ya moyo, kifaa cha kuendesha mapigo, dhidi ya 2.5%, na vifo havikutofautiana sana.

Hiyo 14.1 inanisumbua, na haifai kupuuzwa. Betri ina gharama, hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na waya wake kwa kawaida hupita katikati ya trikaspidi ileile. Kwa binti wa miaka 25 hayo ni maisha mazima ya kurudi kliniki. Hata hivyo, wagonjwa wa jaribio lile wengi walikuwa watu wazima ambao mitrali yao imechakaa, na trikaspidi ilivuja kidogo au kiasi. Binti mwenye mitrali iliyobana, presha kubwa ya mapafu na trikaspidi iliyotanuka yuko mbali nao. Akiachwa hivyo, miguu na tumbo huanza kujaa maji, ini linaumia, kisha anarudishwa kupasuliwa kupitia kovu la kwanza. Hata Marekani, upasuaji wa trikaspidi peke yake umekuwa ukiua karibu 9 katika kila 100 wakiwa bado hospitalini. Na familia iliyouza shamba mara ya kwanza itauza nini mara ya pili?

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hutajwa kama sababu ya kusita. Lakini valvu moja bandia ya chuma inatosha kumfunga mgonjwa na dawa hiyo maisha yote. Ya pili haimwongezei dawa nyingine.

Kwa mzee ambaye figo zinafeli, au mjamzito ambaye mitrali yake inaweza kupanuliwa kwa puto ili afike salama kujifungua, hatua moja kwa wakati ni uamuzi sahihi. Kwa kijana mwenye nguvu bado, daktari anayependekeza kuacha valvu mbovu ndiye aulizwe: itapimwa lini, na nani, na ikifikia kiwango gani tutarudi mezani?