Trấn Quốc ni hekalu kongwe, hata kama mnara wake ni wa 1998

Tulipofika kwenye geti la Trấn Quốc, hekalu la Kibuddha, mwenzetu mmoja alikuwa ameshasoma kwenye simu kwamba ule mnara mwekundu unaoonekana kwenye picha nyingi za Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, ulijengwa mwaka 1998. Akakunja uso. "Kumbe tumesafiri kote huku kuja kuona kitu cha juzi," akasema, akatafuta kivuli akabaki nje. Maneno yale yamenikaa moyoni hadi leo. Naamini alikosea, na naamini wengi wetu tunakosea hivyo hivyo tunapotembelea mahali pa kale.

Hekalu liko kwenye kisiwa kidogo ndani ya Hồ Tây, Ziwa la Magharibi, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Hanoi, hekta kama 500. Unaingia kwa kijia kinachotoka barabara ya Thanh Niên, na barabara yenyewe ni kama tuta lililokatiza kati ya maji: huku Hồ Tây, kule ziwa dogo la Trúc Bạch. Nje pikipiki zinapita kama siafu. Ukivuka geti, moshi wa udi unakupokea. Nilikuwa nimejitanda kanga, kwa kuwa mabega na magoti hufunikwa hapo kama inavyofaa katika nyumba yoyote ya ibada. Mama mmoja mzee aliishika pindo, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini tulielewana.

Habari za hekalu zinaanzia karne ya 6, zama za Lý Nam Đế, aliyeasi utawala wa Wachina na kujitangaza mfalme mwaka 544. Jina la kwanza lilikuwa Khai Quốc, yaani kuanzisha nchi. Na hapa ndipo yule mwenzetu angepaswa kusikiliza: halikujengwa hapo lilipo leo. Lilikuwa ukingoni mwa Mto Mwekundu. Mto ukawa unaula ukingo, mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1615 watu wakalihamisha na kulijenga upya kisiwani. Jina la Trấn Quốc, kuilinda nchi, lilikuja baadaye katika karne hiyo hiyo ya 17. Karne ya 19 mfalme Thiệu Trị alipita, akalipa jina jingine, Trấn Bắc. Watu wakaendelea kuita Trấn Quốc. Mfalme alikufa na jina lake, la watu likabaki.

Sasa niambie, hekalu la asili ni lipi? Lile la mtoni lilishaondoka. Ndani kuna jiwe la maandishi la mwaka 1639, na nje kuna makaburi ya watawa waliopokezana uangalizi wa mahali hapo. Halafu upo huo mnara wa ghorofa 11, mita 15 kwenda juu, kila ghorofa ina vidirisha sita, na katika kila kidirisha imeketi sanamu nyeupe ya jiwe la thamani ya Amitabha, Buddha wa nuru isiyo na kikomo. Jumla yake 66. Waumini wa 1998 waliongeza sehemu yao kama walivyofanya waliowatangulia. Kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba mahali hapa ni hai. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107 kwenye kibla, ilhali sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, na sijasikia mtu akisema wanaosali pale wanasali kwenye msikiti bandia.

Kama hoja yangu haijakutosha, utazame mti. Uani kuna mti wa bodhi, jamaa wa mkuyu wetu, wenye majani ya umbo la moyo yaliyochongoka nchani. Rais Rajendra Prasad wa India aliuleta mwaka 1959 alipozuru Vietnam, ukiwa chipukizi la mti wa Bodh Gaya, mahali ambapo Buddha alipata nuru. Lakini hata mti ulioko Bodh Gaya leo si ule aliokaa chini yake. Ule ulikufa zamani, huu ni kizazi chake. Wabuddha wanalijua hilo vizuri na wanauinamia kwa heshima ile ile, kwa sababu wanachokiheshimu ni nasaba isiyokatika. Niliketi chini ya mti huo karibu saa nzima, na nakiri sikutamani kuondoka.

Ukiweza, nenda siku ya mwezi mwandamo au ya mwezi mpevu, tarehe mosi na 15 za kalenda yao. Ndizo siku ambazo familia zinakuja na matunda, maua na vijiti vya ubani, bibi mbele, wajukuu nyuma. Utabanwa kidogo. Vumilia, na kamera iweke begani mtu anapokuwa katika dua.

Kama unataka kuwa na wasiwasi, uwe na wasiwasi juu ya maji. Oktoba 2016 samaki waliokufa walielea Hồ Tây, takriban tani 200 zikaopolewa. Mnara ukichakaa utajengwa mwingine, kama walivyofanya tangu mwaka 1615. Ziwa haliwezi kuhamishiwa kisiwa kingine.

Tulipokuwa tunatoka nilimwona bibi mmoja amechutama ukingoni na ndoo ya plastiki. Alikuwa anawaachia huru samaki wadogo, mmoja mmoja, kama waumini wa huko wanavyofanya kutafuta thawabu. Kila alipomwachia mmoja alingoja kwanza, mpaka ahakikishe anaogelea.