Usifute Windows, anza na flashi

Tangu Microsoft ifunge huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naulizwa sana: laptop hii ya mtumba niifanyeje? Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptop nyingi za mtumba hazifiki hapo. Mafundi wengi wana jibu moja, kupiga Windows iliyochakachuliwa. Mimi nasema Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ila si kama mashabiki wake wanavyoihubiri.

Mashabiki watakuingiza kwenye ubishi wa aina za Linux, Ubuntu, Fedora na Debian, mpaka uchoke kabla hujawasha mashine. Achana nao. Chukua Linux Mint, toleo jepesi la Xfce kama RAM ni GB 4. Menyu iko chini kushoto, na kazi za kila siku hazikulazimishi kuandika amri.

Ila usifute kitu kwanza. Andika faili la ISO la Mint (mfumo mzima ndani ya faili moja) kwenye flashi tupu kwa programu ya Rufus, zima laptop, iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell au Lenovo, F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Mint itawaka bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, na ulichohifadhi humo kitapotea ukizima, lakini hapo ndipo pa kupimia. Wi-Fi inashika? Printa ya ofisini inaonekana? Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB utumie intaneti yake. Fungua na mafaili yako ya Word kwa LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint: barua itatulia, ripoti yenye majedwali mengi inaweza kuvurugika. Mhasibu anayetegemea makro za Excel, au mbunifu anayekula kwa Photoshop, simshauri ahame, mashabiki wanune wakitaka.

Kinachotukwamisha zaidi ni bando. ISO ni karibu GB 3, na masasisho yanafuata. Bahati nzuri leseni inaruhusu kunakili: mmoja akipakua, ofisi nzima inajaza flashi zake bila kumwibia mtu. Uhuru wa namna hiyo ndio ulioupa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nafasi ya kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwa hiyo fundi akikudai hela ya leseni ya Linux, mkatalie. Mlipe ufundi wake tu.