Bei Chee, Viwiko Bure

Ndugu zangu mnaoishi Paris, hebu mniambie ni nani aliyewadanganya wake zetu kwamba bistro, vile vimkahawa vya Kifaransa, ni mahali pa kupumzikia. Mama Zuhura, tangu shoga yake wa kazini amwonyeshe kimkahawa kimoja kilichojibanza nyuma ya kituo cha metro, hataki tena kusikia habari za pilau siku ya Jumamosi. "Baba Zuhura, vaa shati twende tukale kistaarabu. Na bei yenyewe chee."

Bei chee, sibishi. Lakini Mfaransa akikupunguzia kwenye bili, anajifidia kwenye nafasi. Meza zimesongamana hata nikikunja kiwiko nakata nyama ya jirani. Ukitaka kukaa kwenye benchi la ukutani, mhudumu aivute meza nzima, upite kiubavuubavu umebana tumbo, kisha airudishe akufungie humo. Kwenda msalani ni shughuli ya kusimamisha watu wanne, na kila mmoja umwambie "pardon" kwa sura ya majonzi.

Halafu mbwa. Ndiyo, mbwa, ndani ya mkahawa, na hakuna anayeshtuka. Juzi bibi wa meza ya pili alikuja na kimbwa chake, kikajilaza chini, kikaona soksi yangu, kikaanza kuilamba taratibu kama imetiwa chumvi. Mimi mtoto wa Tanga niliyesomeshwa chuo cha Kurani! Hapo najua ninachodaiwa: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo Paris utaupata wapi, ghorofa ya tano? Nikashuka usiku kuchota kwenye chungu cha maua cha mlangoni, mlinzi wa jengo akanimulika tochi. Mweleze sasa Mfaransa kwamba unaiba udongo kwa sababu ya soksi.

Menyu nayo imeandikwa kwa chaki kwenye ubao, mwandiko wa daktari mwenye haraka, na ubao wenyewe unazungushwa meza hadi meza. Nikishaupata, nagundua kwamba kila kitu kimelewa. Ng'ombe wa Burgundy kapikwa kwa mvinyo mwekundu. Jogoo, mvinyo. Kome wa baharini, maskini, waliokuwa wamejishikiza zao mwambani, mvinyo mweupe. Nikasema basi nile majani. Saladi ikaja na vipande vya nguruwe vimejificha chini ya letusi. Kuna soseji inaitwa andouillette: ni utumbo wa nguruwe uliojazwa ndani ya utumbo, na harufu yake haikuachi ujidanganye. Na kuna nyama mbichi kabisa, imekatwakatwa, juu yake kiini cha yai kibichi kinakutazama kama jicho. Mtu anailipia, anashukuru, anafuta mdomo.

Ndiyo maana kila Jumamosi mimi ni yai la kuchemsha na mayonezi, liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, zilizomiminiwa siki na haradali, na samaki akiwepo. Asipokuwepo, yai la pili.

Shoga yake Mama Zuhura, anayejua kila kitu, akanipa historia. Eti mikahawa ya bei nafuu ya Paris, ile inayoitwa bouillon, ilianzishwa katikati ya karne ya 19 na muuza nyama mmoja, Duval, aliyekuwa akiwapikia supu ya nyama wafanyakazi wa soko la Les Halles. Mmojawapo, Chartier, uko mtaa wa Faubourg Montmartre tangu 1896, na mpaka leo mhudumu anakupigia hesabu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani. Nikamwuliza, kumbe walianza na supu? Supu ya mbeba mizigo, sokoni, kwa bei ndogo? Hiyo si Kariakoo kabisa! Sasa nani aliwaambia waongeze konokono? Hakunijibu. Alikuwa na konokono mdomoni.

Na saa zao. Ukifika saa nane na dakika kumi mchana, jikoni kumefungwa. Mpishi namwona pale nje anavuta sigara, sufuria naiona inafuka, lakini kumefungwa. Ila ukiwahi, ukakaa, hakuna wa kukuondoa. Bili hailetwi mpaka uiombe, na kuiomba ndiyo kazi. Usipige vidole, usiite kwa sauti. Eti umtazame tu mhudumu mpaka macho yenu yakutane. Mhudumu yule anaona mkate ulioanguka meza ya kumi na mbili, anaona mvua inakuja, mimi hanioni. Mkono nimeuinua mpaka bibi wa mbwa akadhani namsalimia.

Kitu kimoja tu nawapongeza: mkate na maji ya bomba ni bure kwa anayekula, sheria ya nchi. Hapo nami najifidia. Kikapu kikiisha, naomba kingine. Jagi likiisha, lingine. Mama Zuhura ananikanyaga chini ya meza. Namwambia mama, mimi si mlafi, mimi ni raia mwema, natii sheria.

Bili ikija, imeandikwa wazi kabisa: huduma imo ndani, asilimia 15. Maana yake yule asiyeniona nimeshamlipa. Naweka fedha kamili, senti kwa senti, nabana tumbo nitoke. Nageuka, namwona Mama Zuhura anaacha sarafu mbili za yuro pembeni ya sahani.

"Za nini tena hizo? Huduma si imeshalipwa?"

"Ya chakula imelipwa," akasema. "Hizi ni za kukuvumilia wewe."

Na mhudumu, ambaye Kiswahili hajui hata salamu, akaziona mara moja.