Saini ya Chuo kwenye Andiko la Utafiti: Kero au Kinga?

Kila msimu wa maombi ya ufadhili unapofika, watafiti wa vyuo vikuu hulalamikia sharti la kupitisha andiko la kuombea fedha katika ofisi ya utafiti ya chuo siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya mfadhili. Mtafiti amekesha akiandika, washirika wake wa vyuo vingine wamechelewa kuleta sehemu zao, kisha anaambiwa kwamba bajeti ina kasoro, barua ya mkuu wa idara haijaambatishwa na masharti ya mfadhili hayajapitiwa na mwanasheria. Haishangazi kwamba wengi huiona ofisi hiyo kuwa kikwazo kinachosimamiwa na watu wasioijua sayansi yenyewe. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, lakini limetawala mjadala kiasi cha kufunika kazi ambayo ofisi hizo hufanya na ambayo mtafiti, hata awe hodari namna gani, hawezi kuifanya peke yake.

Hoja nzito zaidi ya walalamikaji ni ya muda. Watafiti wa Australia waliochunguza maombi 3,727 yaliyowasilishwa mwaka 2012 kwa baraza la taifa la utafiti wa afya na tiba walikadiria kwamba kuyaandaa kulichukua muda sawa na miaka 550 ya kazi ya mtu mmoja, na takriban maombi manne kati ya matano hayakupata fedha. Kwa hali hiyo, kila siku inayoongezwa na ukaguzi wa ndani lazima iwe na sababu. Zipo pia ofisi ambazo mkataba hukaa mezani miezi kadhaa bila mwenye kazi kujulishwa umefikia wapi, na uzembe wa namna hiyo haustahili kutetewa.

Hata hivyo, walalamikaji huzungumza kana kwamba mwombaji ni mtafiti. Kwa kawaida, awe anaomba ruzuku au anaingia mkataba wa kufanya kazi mahususi kwa malipo, anayefunga makubaliano na mfadhili ni chuo. Mtafiti mkuu huongoza utafiti, lakini chuo ndicho kinachopokea fedha, kinachokaguliwa, na kinachoweza kudaiwa fedha zikitumika kinyume cha masharti. Kumtaka anayebeba dhamana asaini bila kusoma ni kumtaka afanye jambo ambalo hakuna anayelikubali katika shughuli zake binafsi.

Madhara ya kutosoma kwa makini hayaonekani siku ya kutuma andiko. Hujitokeza baada ya miaka, utafiti ukiwa umekamilika. Mwaka 1987 Betty Dong, mtafiti wa famasia katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alisaini mkataba na kampuni iliyotengeneza Synthroid, dawa ya tezi ya shingo, ili ailinganishe na dawa nyingine zenye kiambato kilekile. Kifungu kimoja kilisema matokeo yasichapishwe bila idhini ya maandishi ya kampuni. Utafiti ulipoonyesha kwamba dawa zilizolinganishwa, zikiwemo za bei nafuu, zilifanya kazi sawa, kampuni ilikitumia kifungu hicho, na makala iliyokwisha kukubaliwa na JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, ikaondolewa mapema mwaka 1995. Ilichapishwa mwaka 1997. Kwa muda wote huo wagonjwa na madaktari walinyimwa taarifa ambayo ingeweza kuwapunguzia gharama ya matibabu, na chanzo chake ni sentensi ambayo ingeweza kukataliwa au kurekebishwa kabla ya saini, wakati kampuni bado ilikuwa inamhitaji mtafiti.

Mfano wa pili unahusu umiliki. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Mark Holodniy, alikwenda katika kampuni ya Cetus kujifunza mbinu iliyokuja kusaidia kupima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu, na akiwa huko mwaka 1989 akasaini fomu ya usiri. Katika makubaliano yake na Stanford alikuwa ameahidi kuhamisha haki za uvumbuzi wake. Katika fomu ya Cetus alizihamisha papo hapo. Kampuni ya Roche, iliyorithi haki hizo, ilishtakiwa na Stanford kwa kukiuka hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya mwaka 1980 kuhusu uvumbuzi unaotokana na fedha za serikali haikipi chuo umiliki moja kwa moja, na Stanford ikashindwa. Mpinzani atasema kwamba fomu ile haikuwa ombi la ruzuku, tena hati ya Stanford yenyewe ndiyo iliyokuwa dhaifu. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yanaonyesha haja ya kuwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma hati hizo na kuzilinganisha.

Bajeti nayo hairuhusu kubahatisha. Katika Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, gharama zisizo za moja kwa moja, kama umeme na utawala, hukokotolewa kwa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, ilhali mabaraza ya utafiti ya Uingereza kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama kamili ya mradi. Mtafiti asiyeijua tofauti hiyo anaweza kushinda ruzuku ambayo idara yake italazimika kuichangia.

Haki ya walalamikaji ingetimizwa kwa kutofautisha maombi kulingana na hatari zake. Ruzuku ndogo ya mfadhili ambaye masharti yake yameshapitiwa mara nyingi haina sababu ya kusubiri wiki nzima. Mkataba na kampuni wenye vifungu vya usiri, uchapishaji na hataza unahitaji muda, na mtafiti aitaarifu ofisi tangu anapoanza mazungumzo. Ofisi nayo itangaze itajibu ndani ya siku ngapi, na ipimwe kwa ahadi hiyo. Chuo kinachokata sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya uendeshaji kisha kikaajiri mwanasheria mmoja kwa watafiti wote kitaendelea kuchelewesha mikataba, na lawama ya hilo ni ya uongozi unaopanga bajeti, si ya karani anayepokea andiko.